Kimya cha Shemeji

Pale kwenye kiwanda cha unga walimwita Redio, na wala hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mdomo wake ulifunguka asubuhi akivaa viatu na ulifungwa na usingizi tu, tena mkewe alikuwa na mashaka hata na huo usingizi. Msimamizi, mtu wa tumbo kubwa na hasira za karibu, alizoea kusema kwamba kiwandani pale kulikuwa na kazi moja tu inayomfaa mtu kama huyo: kukaa mlangoni juu ya kihenge na kupayuka.

Na kweli kazi ile ilimfaa. Kihenge ni lile ghala la bati la mviringo, refu kama jengo la ghorofa, linalojazwa mahindi kwa juu na kutolewa kwa chini. Mahindi yakikaa sana hupata unyevu, yakashikana, yakajenga ukoko mgumu, na hapo lazima mtu aingie na mti mrefu ayabomoe. Anaingia mmoja, kamba kiunoni. Mwenzake anabaki juu kwenye mlango mdogo wa paani, kashika ile kamba, na sheria ya kazi ni kwamba wa juu aongee na wa chini aitikie, bila kukatika. Chini ya ukoko huwa kuna shimo ambalo hakuna anayeliona, na mtu anayemezwa na mahindi hapigi mayowe. Anaacha tu kuitikia.

Aliyekuwa akiingia ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mrefu, mpole, ambaye maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kiganja. Ndiye aliyemtafutia Redio kazi pale, na ndiye aliyemfundisha sataranji. Mwanzoni, kwa kutii sheria, walihadithiana umbea wa mtaani, ukaisha. Wakajaribu kuimba, lakini shemeji hana sauti, afadhali mlango ulioota kutu. Mwishowe wakaangukia kwenye sataranji. Ubao hawakuwa nao, waliuweka vichwani. Redio alitaja hatua yake kutoka juu, kete na mraba inapokwenda, shemeji akataja yake kutoka gizani huku akibomoa. "Farasi, F tatu." "Askari, D sita." Msimamizi alipowasikia mara ya kwanza alidhani wanasoma alama za magunia.

Sasa hapa ndipo nuksi ilipoingilia. Shemeji akifikiri, Redio alikuwa hanyamazi: mara anacheka, mara anamtania, mara anauliza kama amelala. Shemeji akachoka, akaweka sharti. Mwenzako akiwa anafikiri, unanyamaza. Ukiongea, umeshindwa. Redio akacheka, akakubali. Hakuna kati yao aliyekaa chini akajiuliza sharti lile litaishi vipi nyumba moja na ile sheria ya kazi. Watu wazima wawili, wenye akili za kubeba ubao mzima kichwani, na hilo dogo likawapita.

Asubuhi hiyo Redio alikuwa anacheza vizuri kuliko siku zote, na alijua. Alikuwa na kete nyeusi. Mfalme wake alijibanza pembeni kabisa mwa ubao, askari wawili mbele yake, ngome ikilinda mstari wa nyuma, na malkia wake akilinda njia ya kuingilia. Akamchomoa malkia pale alipokuwa akilinda, akamrusha hadi upande wa pili.

"Malkia, C mbili!" alipaza sauti. "Nimekula askari wako, na hatua ijayo namla mfalme mwenyewe. Haya, fikiria hapo, shemeji!"

Hakujibiwa. Shemeji alikuwa ameanza kufikiri.

Redio akafumba macho. Ndivyo alivyozoea, akitaka kuuona ubao vizuri anafumba macho. Mashine ya kihenge cha jirani ilikuwa inanguruma, jua linampiga mgongoni, na yeye kakaa pale mlangoni anatabasamu kama bwana harusi. Kimya kile kilimpendeza mno. Kilikuwa kimya cha mtu aliyebanwa. Kamba ikavutika kidogo mkononi mwake, naye akadhani shemeji anasogea kuegemea ukuta apate kuwaza vizuri, kwa hiyo akamlegezea. Mtu akikwambia kwamba Redio hakumpenda shemeji yake, mkatalie. Alimlegezea kamba kwa mapenzi, akaendelea kutabasamu.

Vumbi ndilo lililomzindua. Lilipanda ghafla likamjaa puani, zito, la joto. Akafungua macho, akamulika tochi chini.

Mti wa kubomolea ulikuwa umelala juu ya mahindi, peke yake. Pale aliposimama shemeji palikuwa na bonde, na katikati ya bonde kulikuwa na kofia ngumu, na chini ya kofia uso, na mkono mmoja umenyooka juu kama wa mwanafunzi anayeomba kutoka darasani. Kwingine kote ni mahindi. Yalikuwa yamemfika makwapani.

Damu ilimganda Redio.

"Shemeji!"

Macho yaliinuka yakamtazama. Redio alikwisha kuutia mguu mmoja ndani aliposikia sauti, ndogo, ya kukatikakatika.

"Usi... ruke."

Ilikuwa sahihi. Akiruka, bonde lote linaporomoka. Redio akaurudisha mguu, akagonga kitufe chekundu kando ya mlango, cha kuzima mikanda ya chini, akapiga ukelele hadi koo likamuuma. Msimamizi akaja anapanda ngazi anahema, tumbo mbele. Alipochungulia, hasira zake zote zilimtoka usoni.

"Tumvute! Shika kamba tumvute!"

"Hatumvuti, bosi. Mahindi yamemshika, tutamkata kiuno. Piga simu zimamoto! Piga, usiniangalie!"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia msimamizi hivyo, na msimamizi akatii. Alishuka anaongea na simu huku anakosea ngazi.

Redio akabaki na shemeji yake. Mambo ya kubanwa na mahindi walikuwa wanayajua wote wawili, walifundishwa. Kila ukitoa pumzi, kifua kinanywea, na mahindi yanajaa pale kifua kilipokuwa. Pumzi inayofuata inakuwa fupi zaidi. Ukihangaika unazama. Ukipiga kelele unamaliza hewa. Ukizimia, kichwa kinainama, na uso ukishaingia kwenye mahindi basi.

Kwa hiyo ilimpasa aongee, amtulize mwenzake. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoijua maishani mwake, na sasa mdomo ulimkauka. Alisema wanakuja. Akasema tena wanakuja. Akataka kusema habari za nyumbani, lakini kila neno la nyumbani lilimpeleka kwa mkewe, naye angeanzia wapi kumwambia kaka yako alikuwa anazama na mimi nilikuwa nimefumba macho nafurahi? Akanyamaza. Redio mzima, betri zimekwisha.

"Shem," ikasema ile sauti ya chini. "Zamu... ya nani?"

"Nini?"

"Zamu."

"Yako. Nimekula askari C mbili. Zamu yako."

Shemeji akafumba macho.

Hapo Redio naye akautazama ubao, kwa macho wazi safari hii, na moyo ukampasuka. Alikuwa amekosea. Ile hatua aliyojivunia ilikuwa imeacha mlango wazi. Malkia wa shemeji angeweza kuingia moja kwa moja ubavuni mwa mfalme wa Redio na kujitoa aliwe. Mfalme asingeweza kumla mwenyewe, kwa sababu askofu wa shemeji alikuwa kwa mbali anamlinda malkia huyo. Ni ngome tu ingeweza kumla. Na ngome ikishamla, inakuwa imemziba mfalme wake pumzi: ngome ubavuni, askari mbele, ukuta nyuma. Farasi wa shemeji anaruka mara moja, kwisha. Mfalme anakufa kwa kubanwa na watu wake, hana hata pa kugeuza shingo.

Redio aliuona mwisho ule, akamwona na shemeji pale chini. Lakini akashikilia jambo moja. Shemeji akiiona ile njia, basi kichwa chake bado kizima. Asipoiona, basi hewa imeshaanza kumpungukia, na Redio ndiye atakayejua kabla ya mtu yeyote.

Akasubiri. Kimya.

Kilikuwa kimya kilekile cha mwanzo, hakikuwa na tofauti hata ya unywele. Hicho ndicho kilichomtisha. Mtu anayefikiri hunyamaza hivi, na mtu anayekufa hunyamaza hivi. Alimulika ile kofia ngumu. Haikutikisika. Aliutazama ule mkono. Ulikuwa umeanza kulegea vidole. Je, akimwita atamvuruga akili wakati ndiyo kwanza ameikaribia? Na asipomwita? Si hivihivi alivyokaa mara ya kwanza, mpumbavu mmoja, akaheshimu sharti huku mwenzake anamezwa?

Alijikaza kisabuni kwa muda kidogo. Halafu akashindwa.

"Shemeji! Shemeji, nijibu! Shemeji!"

Kimya. Kisha, taratibu, jicho moja likafunguka.

"Ume... ongea," alisema shemeji. "Ume... shindwa."

Redio alicheka na machozi yakamtoka wakati huohuo. "Haya, nimeshindwa! Nimeshindwa, baba yangu! Lakini nipe hatua yako, tumalize kiume."

"Malkia. G nane." Pumzi. "Cheki." Yaani mfalme wa Redio yuko hatarini.

Ameiona! Redio alitaka kusimama apige vigelegele. Amemtoa malkia wake vilevile, bila kutetereka. Kichwa kizima. Akafungua mdomo ajibu, maana jibu lilikuwa moja tu, ngome imle malkia, hata mtoto angelitaja. Na palepale, mdomo ukiwa wazi, woga mwingine ukamshika.

Akijibu, shemeji atataja farasi. Farasi akishatajwa, mchezo umekwisha. Na mchezo ukiisha, shemeji atakuwa amebakiwa na nini pale chini cha kumweka macho?

Nyuma yake ngazi zilikuwa zinalia. Watu wa zimamoto walikuwa wamefika. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, ambaye wenzake walimwita Afande. Alilala kifudifudi kando ya Redio, akachungulia, na uso wake haukuonyesha kitu.

"Wewe ndiye unaongea naye?"

"Ndiyo, Afande."

"Endelea. Tutateremsha mabati, tumzungushie kama pipa, kisha tuchote mahindi ya ndani ya pipa mpaka alegee. Itachukua muda. Asihangaike, na asilale. Akilala nampoteza, umenielewa? Unamwambia nini ni juu yako."

Wawili wakateremka kwa kamba zao, taratibu, wamelalia mbao ili wasiporomoshe kitu. Punje chache zikateleza. Redio alizifuata kwa tochi moja moja hadi zilipomgota shemeji shavuni.

"Jibu," alisema shemeji.

"Nafikiria," alisema Redio.

"Una jibu... moja."

"Ngoja nilitafute."

Shemeji akafungua macho yote mawili. Yalikuwa na hasira, na Redio hakuwahi kufurahia hasira za mtu kiasi hicho.

Bati la kwanza likaingia mgongoni mwa shemeji, likagongwa taratibu kwenda chini. Akaguna. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. La pili likaingia ubavuni. Kope zake zikaanza kushuka, kama za mtu aliyeketi kwenye hotuba ndefu.

"Hivi," Redio alisema haraka, "mfalme wangu akimla malkia wako mwenyewe?"

Kope zikapanda. "Askofu... anamlinda."

"Ala! Kumbe askofu yupo. Nimemsahau kabisa."

"Muongo."

"Haki ya Mungu. Na nikimkimbiza mfalme?"

"Wapi? Hana... pa kwenda."

"Usinitishe. Ngoja nitazame vizuri."

Simu ikamtetemeka mfukoni. Alijua ni nani. Saa hizo mkewe hupiga kuuliza kama wamekula, na hasahau kuuliza na kaka yangu je? Redio aliiacha itetemeke pajani mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Jasho lilikuwa linamtiririka na kudondokea ndani ya kihenge, akajifuta kwa bega, akaogopa hata tone la jasho lisimwongezee shemeji uzito.

Wale wawili walikuwa wameanza kuchota kwa ndoo ndogo. Wanachota, mahindi yanarudi. Wanachota, yanarudi. Kichwa cha shemeji kikainama, kidevu kikagusa punje.

"Shemeji! Nimeamua. Nacheza..."

Kidevu kikanyanyuka. Macho yalimtafuta Redio, yakamkosa, yakamtafuta tena.

"Cheza."

"Hapana, ngoja, nimeghairi. Kuna kitu nimekiona."

"Hakuna... kitu. Ngome... tu."

"Wewe umejuaje?"

"Mshenzi wewe," alisema shemeji, na lile lilikuwa neno kali kuliko yote tangu alipozama, halafu likafuatwa na pumzi iliyoshuka hadi mahali fulani ndani ya kifua. Afande alimtazama Redio kwa pembe ya jicho.

"Mnacheza nini nyie?"

"Nakataa kufungwa, Afande."

"Kataa hivyohivyo," alisema Afande.

Akakataa. Alikataa mpaka sauti ikamkauka. Aliuliza maswali ya kipumbavu ambayo mtu aliyejifunza sataranji jana asingeyauliza, na kila swali lilimtoa shemeji kule alikokuwa anateleza, kwa kisirani tu cha mtu aliyeshinda ambaye hataki kudhulumiwa. Mwishoni hakuwa akijibu tena kwa maneno. Alitikisa kichwa: hapana. Halafu akatikisa kidogo zaidi. Halafu Redio hakuwa na hakika kama ametikisa.

"Amelegea!" ilipaa sauti kutoka chini. "Vuta!"

Wakamvuta. Shemeji alitoka kwenye yale mabati kiatu kimoja kimebaki, akapita mlangoni begani mwa mtu, akalazwa kwenye jukwaa la chuma juani. Mahindi yalimtoka masikioni, kwenye kola, kwenye mikunjo ya mikono. Macho yalikuwa yamefumba. Afande akamvika kifuniko cha hewa usoni, akaweka sikio kifuani mwake, akanyanyua mkono watu wote wanyamaze.

Redio alipiga magoti. Kulikuwa na hatua moja aliyoizuia muda wote huo, na sasa aliiona kuwa kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa.

"Ngome," alisema kwa sauti iliyokatika. "Ngome inakula malkia. Zamu yako, shemeji."

Msimamizi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Afande hakuinua kichwa.

Redio aliukamata mkono wa shemeji. Ulikuwa baridi, umejaa vumbi. Akautazama uso ule, akangoja. Ndipo kidole kimoja kikajikunja kwenye kiganja chake. Kilikwenda mbele, mbele tena, kikasimama. Halafu kikageuka upande.

Farasi.

Redio alilia kwa sauti mbele ya kiwanda kizima, na hakuna aliyemcheka, hata msimamizi.

Shemeji alipona mbavu zake polepole, akahamishiwa kwenye mizani, ambako hakuna wa kumfukia. Siku hizi anayeingia kihengeni na anayekaa juu huhadithiana umbea, na sataranji imepigwa marufuku mlangoni kwa amri ya msimamizi. Redio alimwambia mkewe yote, pamoja na kufumba macho, pamoja na kulegeza kamba. Mama huyo hakusema naye kwa siku nyingi, na alipoanza kusema naye alianza kwa kumtuma chumvi.

Sataranji wanaicheza bado, siku za mapumziko, sebuleni kwa shemeji, kwa ubao na kete za mbao. Sharti la zamani halijafutwa. Redio amekuwa mchezaji mzuri, shemeji mwenyewe anakiri. Lakini tangu siku ile hajashinda hata mchezo mmoja.

Juzi ushindi ulikuwa mkononi mwake. Aliiona njia waziwazi: farasi amtishe mfalme, ngome iingie nyuma, kwisha. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, shemeji afikiri, acheze, halafu yeye ammalize. Shemeji akaegemeza shavu kwenye ngumi, akafumba macho, akanyamaza. Mkewe Redio, aliyekuwa anapita na vikombe, akasimama kutazama. Redio aliuma mdomo. Alishika ukingo wa meza. Alitazama kifua cha shemeji chini ya shati, akashindwa kuona kama kinapanda.

"Shemeji?"

"Nipo," alisema shemeji, bila kufungua macho.

Kisha akainama na kuanza kupanga kete upya.